Mji Alikolala Baba Mdogo

Nianze kwa kujianika mwenyewe, maana wengine wameshanianika na jua limeniwakia vya kutosha. Juzi juzi hapa, kwenye kundi la simu la ukoo wetu, binti wa dada yangu anayesoma huko Asia ya mbali alituma video ya matembezi yake ya jioni. Wageni walikuwa wamejipanga nyuma ya kijana mmoja mwenye kibendera. Aliwaingiza mapangoni wameinama, akawatoa upande wa pili, akawapandisha kwenye mahekalu yenye paa juu ya paa, kama masufuria yaliyopangwa na mama mwenye haraka. Mwisho akawafikisha kwenye mji wa kale ulio kandokando ya maji. Giza lilikuwa limeshaingia, kila nyumba imetundika taa, na kila taa ina pacha wake ndani ya maji. Mimi, bila hata kutafuta miwani, nikabonyeza pa kurekodi sauti nikauambia ukoo mzima: "Hapo ni Karema. Napafahamu, nimekaa."

Walinicheka mpaka simu ikaisha chaji. Kaka yangu mkubwa aliuliza kama siku hizi kwenda Karema ni kwa ndege na viza. Kuanzia jioni ile jina langu kwenye kundi ni Mheshimiwa Balozi, na wanasubiri niwaalike ubalozini.

Siwalaumu. Wanaonijua hapa Mpanda wanajua kwamba safari yangu ndefu ni kwenda mashineni kusaga mahindi, na hata huko mara nyingi natuma mtu. Kiti changu cha barazani kimeshachukua umbo langu, kiasi kwamba mgeni akikikalia anaonekana kama ameazima nguo. Nilimaliza kidato cha nne shule iliyo umbali wa kusikia mama akiniita, na nikaolewa mtaa wa pili. Sasa mtu kama huyo ageuke mtaalamu wa miji ya dunia, lazima watu wacheke.

Lakini mtu mmoja hakucheka. Mama Mdogo, mdogo wake marehemu mama, siku hizi anaishi Inyonga kwa mwanawe wa kulea, anauza asali. Hana mazoea ya kuandika kwenye kundi, yeye ni wa kutuma picha za maua asubuhi. Katikati ya vicheko vile akaandika neno moja tu, bila ua: Karema. Nikaweka simu kifudifudi mezani, nikatoka nje, nikakaa.

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya bado yanafikiri, nilipopelekwa kwa Mama Mdogo likizo ya shule. Nilipelekwa kwa nguvu. Hata wakati ule nilikuwa mtu wa nyumbani. Nililia kutoka stendi mpaka lori la mahindi lilipoanza kuteremka milima, na huko nikanyamaza kwa sababu ya kutapika. Mama alinifungia ugali na kuku wa safari. Kuku yule niliwarudishia wenye lori kwa namna ambayo sitaieleza.

Karema, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, ilinipokea kwa harufu. Nyie wenzangu mliokulia kwenye koroboi mtanielewa: ilikuwa harufu ya mafuta ya taa, lakini si ile ya nyumbani inayokaa kwenye kona ya jiko. Hii ilikuwa imelowa kila kitu. Ilikuwa kwenye mikono ya wanaume, kwenye mchanga, kwenye mashati yaliyoanikwa, imechanganyika na dagaa waliotandazwa juani wakimetameta kama misumari mipya. Mume wa Mama Mdogo, Baba Mdogo, ndiye aliyenibeba kutoka kwenye lori. Nilimnusa kabla sijamwona sura.

Alikuwa mvuvi wa taa. Kazi yao ni hiyo: giza likiingia wanakwenda ziwani na karabai, zile taa za kupampu zinazonguruma kama paka aliyeshiba, wanazining'iniza pembeni mwa mtumbwi, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinawapandia kutoka chini. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi, kwa sababu dagaa hawana haja ya taa ya mtu. Wanangoja siku zisizo na mwezi, ambazo wao wanaziita giza tu. Giza hili, giza lijalo, ndivyo walivyohesabu maisha. Mchana wanalala. Hayo yote nayajua sasa. Wakati ule nilichojua ni kwamba nyumba ya Mama Mdogo ilikuwa na baba anayelala mchana, na kwetu Mpanda wanaolala mchana walikuwa wagonjwa na walevi.

Usiku wa kwanza Mama Mdogo alinitoa nje kwenda kujisaidia, na ndipo nilipouona. Ng'ambo ya giza, chini ya nyota, kulikuwa na mji. Taa zilikuwa zimepangwa mtaa kwa mtaa, nyeupe, zikitetemeka kidogo, na chini yake mji mwingine umegeuka kichwa chini. Mpanda yetu, na ukubwa wake wote niliojivunia, haikuwa na taa nyingi namna ile. Asubuhi Baba Mdogo aliporudi nikamuuliza ule ni mji gani.

Mtu mwingine angecheka akanieleza. Yeye alikaa chini, akanawa mikono taratibu, akanitazama kama mtu mzima mwenzake. "Kule ni mjini kwetu," akasema. "Hapa kijijini tunakuja kulala tu. Usiku sisi wanaume tunakwenda kukaa mjini."

Nikamuuliza kama kuna maduka. Yapo. Hoteli je? Zipo, na wali unapikwa kila siku, si Krismasi tu. Nikamuuliza yeye ana nyumba huko. Hapo akamtazama Mama Mdogo, ambaye tangu nifike alikuwa akimsema kuhusu paa la nyasi linalovuja, akajibu kwamba nyumba yake ya mjini ina paa juu ya paa, na juu ya hapo paa lingine, ili mvua ikitoboa la kwanza ikutane na la pili. Mama Mdogo alimrushia ukoko wa ugali. "Endelea kumdanganya mtoto wa watu," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Jirani yao, Mama Yusta, alikuwepo pale akichambua dagaa. Huyo hakucheka. Mama Yusta alikuwa mwanamke asiyepaka maneno mafuta. Ukimuuliza kama umependeza alikwambia ukweli, na ukitaka kulia uende kwenu. Mume wake alibaki ziwani miaka mingi nyuma. Alisema tu kwamba maji hayataniwi, akaendelea na dagaa wake.

Siku moja Baba Mdogo aliamka mapema kuliko kawaida akatangaza kwamba mgeni asipotembezwa anarudi kwao na njaa ya macho. Akachukua koroboi, akafunga kipande cha kanga kuukuu kwenye fimbo, akawa ndiye mwenye msafara. Msafara ulikuwa mimi. Tulipanda kilima cha mawe nyuma ya kijiji mpaka kwenye mapango, akawasha koroboi, tukaingia tumeinama. Palinuka mkojo wa popo na udongo mbichi. Alinionyesha mahali ambapo, kwa maneno ya bibi yake, watu wa zamani walijificha wasikamatwe na kufungwa minyororo. Aliposema hivyo aliacha utani, akainua koroboi juu, tukayatazama mawe yale meusi kwa moshi wa mioto ya watu tusiowajua. Kisha utani ukamrudia. Akasafisha koo, akasema mabibi na mabwana, upande wa kulia ni popo, na wao wamelipa kiingilio. Mimi nikamwambia nataka kwenda nyumbani. Akaniuliza nyumbani Karema au nyumbani Mpanda, na kwa mara ya kwanza nilishindwa kujibu.

Kutoka pale tulikwenda mpaka kwenye misheni ya zamani, yenye kuta nene kama za ngome. Alinipandisha kwenye jiwe nikaona ziwa lote. Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo, na sikuuona mji. Maji tu, mpaka milima ya ng'ambo. Nikamuuliza umekwenda wapi. Akasema mchana unafungwa, ndiyo maana hauonekani.

Tulishuka mpaka ufukweni, mwenzake wa mtumbwini, jina lake Kasimu, alikuwa tayari anamngoja. Nikaomba twende wote. Baba Mdogo alinifungua mdomo kwa kidole chenye mafuta ya taa, akakagua mapengo, akasema mji ule hauingii mtu asiye na meno yote, nitakwenda giza lijalo. "Leo nikifika nitakuwashia," akaniambia. "Ile ya mwisho kabisa, upande wa Kongo, ndiyo ya kwangu. Ukiiona ujue nimekaa."

Nilikaa mchangani na Mama Mdogo, nyuma yetu wanawake wengine wakiongea habari zao. Taa zikaanza kuwaka, moja hapa, moja pale, halafu mtaa mzima. Ya mwisho ilichelewa. Ilipowaka nilipiga makofi, nikawaeleza wanawake wote kwamba Baba Mdogo amefika nyumbani kwake na sasa anakula wali.

Sikumbuki upepo ulianza vipi. Nakumbuka kanga ya Mama Mdogo ikinipiga usoni, na wanawake wakinyamaza wote kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia. Upepo ulitoka ng'ambo, ukaja na harufu ya mvua ya watu wengine. Kule mjini taa zikaanza kuzimika. Ilizimika moja, ikafuata jirani yake, ukazimika mtaa.

"Wanalala," nikasema.

Nikadhani hawajasikia. Nikapaza sauti. Kila taa ilipozimika niliwatangazia kwamba fulani naye amelala, wale wa kona wamelala, sasa bado wa upande ule. Niliona ni kazi nzuri na naiweza. Mama Mdogo alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa unaminya, unaachia, unaminya. Mwisho ikabaki ile ya upande wa Kongo peke yake. Nikasema Baba Mdogo bado yuko macho. Ikapanda juu, ikashuka, ikapanda. Halafu na yeye akalala.

Nilikuja kuelewa ukubwani jambo ambalo wanawake wale wote walilijua. Upepo ukikamata, mvuvi mwenye akili huizima karabai yake mwenyewe, huiteremsha na kuifunga, ili apige kasia kwa mikono yote miwili. Aliyekwisha kuzama taa yake nayo huzimika. Kwa mtu aliyesimama nchi kavu, taa ya anayerudi na taa ya aliyemezwa zinaondoka kwa namna moja. Huwezi kujua. Unaweza kusimama tu.

Waliwasha moto mkubwa ufukweni kwa mikeka mibovu na nyasi za paa, ili wanaorudi waone pa kuja. Mitumbwi ikaanza kutoka gizani bila sauti, na kila mmoja ulipogusa mchanga wanawake waliukimbilia, wakitazama nyuso. Aliyemwona wake hakushangilia. Alimshika tu mkono akaondoka naye haraka, kana kwamba amemwiba. Kasimu alikuja ndani ya mtumbwi wa watu wengine, anatetemeka, hana shati. Alimwambia Mama Mdogo kwamba walishikilia ubao mmoja, Baba Mdogo akawa anamwambia shikilia, shikilia, halafu ile sauti ya shikilia ikawa haipo. Mama Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kanga yake ya juu akamfunika nayo, akabaki ametazama ziwa.

Mtumbwi uliokotwa kesho yake upande wa Kapalamsenga, umepinduka. Yeye hapana.

Kijiji kile kilikuwa na utaratibu wake. Mtu wa ziwani haliliwi mpaka ziwa limrudishe, au wakubwa wakae waseme basi. Mpaka hapo mkeka wa msiba hautandikwi, na hakuna mvuvi anayewasha taa. Watu wanakuja, wanakaa, wanaongea habari za mihogo, wanaondoka. Ukilia umemzamisha wewe. Mama Mdogo aliishi ndani ya utaratibu huo kama mtu aliyefungiwa chumbani. Hakulia, hakula, na hakuna aliyejua la kumwambia.

Mimi nilijua. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, Baba Mdogo amelala mjini kwake. Si aliona mwenyewe taa zilivyozimwa? Nilitegemea anigombeze. Badala yake akaniuliza nyumba yake ikoje.

Basi nikawa mwenye msafara. Jioni, wageni wakishaondoka, nilimshika mkono nikampeleka ufukweni, mbele ya ziwa jeusi lisilo na hata nuru ya kiberiti, nikamtembeza. Nilimwonyesha njia ya kuingilia, ambayo ni pango, lazima uiname. Nikamwambia upande wa kulia ni popo. Ukitokea upande wa pili unaona kuta nene, hizo ni za kuzuia upepo. Halafu mitaa, na taa kwenye kila mlango, ila sasa zimezimwa watu wanapumzika. Nyumba yake ile, yenye paa juu ya paa. Hakuna tone linalopita.

"Anakula nini?" akaniuliza.

Nikasema wali.

"Na nani anampikia?"

Hapo nilifikiri kidogo, kwa sababu niliona ni swali lenye mtego. Nikasema anajipikia mwenyewe, na anaunguza. Mama Mdogo alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikohozi, lakini nilijivunia kuliko siku niliyoongoza darasa. Kesho yake nikauongezea mji shule na zahanati.

Kaka mkubwa wa Baba Mdogo alifika na wazee wengine. Walimwambia kwa upole kwamba ziwa limekataa, sasa akubali watandike mkeka, walie, marehemu apumzike na yeye apumzike. Mama Mdogo akawauliza watamliliaje mtu aliyelala. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikatingisha kichwa kuunga mkono, maana maneno yale yalikuwa yangu. Walirudi siku ya pili, akawajibu vilevile. Mwisho wakasema basi bila yeye. Mkeka ukatandikwa, watu wakalia uani, na mwenye msiba amekaa jikoni ananiuliza kama kule mjini kuna baridi.

Wakubwa wakishasema basi, kazi inarudi. Watoto wa watu wanataka kula na giza lilikuwa linakaribia kwisha. Hilo hakuna aliyenieleza. Jioni ile nilikuwa peke yangu nje nikichezea magamba, nikainua macho, nikaona taa moja, kisha nyingine, kisha mtaa mzima ukafunguka juu ya maji kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Nilikimbia mpaka nikaangusha sufuria.

"Mama Mdogo, wameamka."

Alitoka kama alivyo, kichwa wazi. Alitazama. Akaniuliza ya kwake ni ipi. Nilitafuta kwa uangalifu, sikutaka kukosea. Upande wa Kongo, mwisho kabisa, ilikuwepo moja imejitenga. Nikamwonyesha kwa kidole.

Alikwenda moja kwa moja. Alipofika kwenye maji hakusimama. Nilidhani anataka kunawa miguu, lakini aliendelea, maji yakampita magoti, kanga ikajaza hewa ikaelea nyuma yake, nami nikaishika ncha na kuanza kumfuata nikimwambia tunasubiri, hatuna mtumbwi, na mimi meno yangu bado. Hakunisikia. Alikuwa anamwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa nyumbani mle, anamwita polepole kama unavyomwamsha mtu usiyetaka ashtuke. Nilivuta kanga kwa nguvu zangu zote. Nguvu zangu zote hazikumrudisha hata kidogo. Maji yalinifika kifuani, na mbele yetu ule mji ulikuwa unametameta, mzuri, umbali uleule.

Mama Yusta alitoka kwenye vichanja vya dagaa mbio, akaingia majini na nguo zake, akanisukuma nyuma mpaka kwenye maji ya magotini, nikaanguka. Alimkamata Mama Mdogo kiunoni. Walivutana. Kisha akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuzia kwenye zile taa, akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ileile ya kuulizia chumvi:

"Ule si mji. Ni taa za wanaume wanaotafuta dagaa, na wa kwako hayumo."